Havanaise ya Saint-Saëns: nota tatu halafu mbili, mbona mimi na mpiga piano tunagongana?

fidla_ya_forodhani

Assalam alaykum wadau, habari za usiku. Naomba msaada kwa anaejua muziki huu maana nimekwama wiki ya pili sasa na onyesho ni mwisho wa mwezi ujao.

Mimi napiga fidla, nimelelewa kwenye taarab, upinde nilianza kuushika nikiwa na miaka tisa kwa mjomba wangu, kusoma nota nimekuja kujifunza ukubwani. Sasa nimepewa nipige Havanaise ya Camille Saint-Saëns, ile ya fidla na okestra, ila sisi tunapiga na piano tu. Mara ya kwanza kuisikiliza kwenye simu nilisema hii yangu hii, maana piano inaanza kule chini na mdundo ambao mtu yoyote wa huku anaujua, duuum ta-dum dum, duuum ta-dum dum, kama rumba ya polepole ya mwisho wa harusi watu wameshavua viatu. Halafu fidla inaingia juu yake kwa kubembeleza. Nikajua wiki moja nimeimaliza.

Tatizo limekuja kwenye karatasi. Ile sauti kuu ya fidla imeandikwa nota tatu zimebanwa kwenye pigo la kwanza halafu nota mbili za kawaida kwenye pigo la pili. Tatu, mbili. Tatu, mbili. Nikiwa peke yangu naipiga vizuri tu. Akiingia mwenzangu na mkono wake wa kushoto tunagongana pale pale kila mara, kwenye nota yangu ya tatu. Ama mimi naichelewesha ikaangukia pamoja na ile "ta" yake, hapo inakuwa kama tunapiga gwaride, ama yeye ananifata mimi na mdundo wake unayeyuka, sijui tunapiga nini tena. Tukaweka metronomu (ile inayogonga mapigo) ya kwenye simu ndo ikazidi. Juzi mazoezi yalivunjika mapema, kila mtu akafunga ala yake kimya kimya.

Sasa nauliza, hivi zile nota zinatakiwa zigongane au mimi nimesoma vibaya? Na huyu Mfaransa mdundo huu aliutoa wapi, maana kitabu changu cha nota hakisemi, kinaandika tu Op. 83 (namba ya kazi yake) na kwamba kimetungiwa bwana mmoja anaitwa Díaz Albertini. Nahisi nikijua umetoka wapi mkono utanielewa, sisi ndivyo tulivyofundishwa, ujue ngoma ya nani kwanza ndo uipige.

MwalimuNota

Wa alaykum salam dada. Hujasoma vibaya hata kidogo, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani kwa sababu hapo ulipokwama ndo penye utamu wote wa kipande hicho.

Fanya hivi, weka fidla chini kwanza. Chukua kipimo kimoja, yaani pigo lako la kwanza na la pili kwa pamoja, ukikate vipande nane sawasawa, hesabu moja mpaka nane. Mkono wa kushoto wa piano unapiga kwenye 1, 4, 5 na 7. Mdundo huo unaitwa habanera, na hiyo ndo yote, imeisha. Piga mguu kwenye 1 na kwenye 5, na kiganja pigia meza kwenye 1, 4, 5, 7, rudia mpaka mwili uuchukue. Ukiitoa ile ya 5 unabaki na 1, 4, 7, hiyo Wakuba wanaiita tresillo, na ukiijua sura yake utaanza kuiona kila mahali kwenye ngoma zetu.

Sasa njoo kwako. Nota zako tatu za mwanzo zinagawana pigo la kwanza sawasawa, yaani zinakaa ndani ya nafasi ya vipande 1 mpaka 4. Ya kwanza inaanguka kwenye 1 pamoja na piano. Ya pili iko peke yake. Ya tatu inaanguka baada ya 3 na kabla ya 4, karibu kabisa na 4 lakini KABLA. Halafu ndo inakuja "ta" ya piano kwenye 4. Nota zako mbili zinazofata zinaanguka kwenye 5 na 7, pamoja na piano tena. Kwa hiyo hebu ona, kipimo kizima mnakutana mara tatu na mnapishana sehemu moja tu, na hapo mnapishana kwa upana wa unywele. Wewe unatangulia, yeye anafata. Hamgongani, mnapishana. Ukiisubiri "ta" yake ili muanguke pamoja umeifanya ile tatu-mbili iwe habanera ya kawaida, na sauti mbili zimekuwa moja, ndo maana unasikia gwaride.

Nafundisha kwaya miaka mingi na watu wengi hawasomi nota, kwa hiyo natumia maneno. Sema "samaki nazi". Sa-ma-ki pigo la kwanza, na-zi pigo la pili, silabi zote za samaki ziwe sawa usiivute "ma" kama tunavyoongea. Samaki nazi, samaki nazi, huku mkono unapiga 1, 4, 5, 7. Siku ya kwanza utakasirika. Siku ya tatu utasikia "ki" inatoka mdomoni kabla mkono haujagusa meza, na ukishalisikia hilo mara moja haliondoki tena.

Kingine, na hili limwambie mwenzako kwa upole maana wapiga piano wengi wamefundishwa kumfata mpiga fidla: hapa asikufate. Akae pale pale kama nguzo ya baraza. Juu ya karatasi mwanzoni pameandikwa Allegretto lusinghiero, hiyo lusinghiero maana yake ni kubembeleza, na huwezi kumbembeleza mtu anaekimbia kila ukimsogelea. Yeye akisimama wewe una uhuru wa kuchelewa kidogo, kuwahi kidogo, kuvuta nota ukairudisha. Akikufata huna wa kumchezea.

Jirekodie mkono wa kushoto peke yake dakika tano kwenye simu, taratibu sana, uwe unapiga juu yake usiku. Na metronomu msiiweke igonge kila kipande, iweke igonge kwenye 1 na 5 tu, ikigonga nyingi inawavuruga kwa sababu zile tatu zako hazilingani na vipande vyake.

Nikikumbuka ya katikati nitarudi, pale inapochemka.

kitasa88

Mwalimu ameeleza vizuri ila naongeza kitu, muziki huo ni wa Kihispania, habanera si ndo ile ya kwenye opera ya Carmen, mwanamke wa Sevilla anaimba na ua mkononi. Kwa hiyo dada msikilize Carmen halafu upige kwa mahadhi yale ya kina flamenko, muziki wa kusini mwa Hispania, kwa ukali ukali hivi, utaona inakaa sawa. Wafaransa wa enzi ile walipenda sana mambo ya Hispania.

Santuri_za_Moro

Habari zenu vijana. Nimekuwa nakusanya sahani za santuri tangu nikiwa kijana hapa Morogoro na huu uzi umenigusa mahali, naomba mnivumilie nitaandika kirefu.

Ndugu kitasa88 uko sahihi kwamba Wafaransa walipenda mambo ya Hispania, lakini kwenye jina lenyewe jibu limo. Havanaise kwa Kifaransa ni "ya Havana". Habanera kwa Kihispania ni hivyo hivyo, ya Havana. Ni mji mkuu wa Kuba. Mdundo umezaliwa kule ndo ukaenda Hispania na mabaharia na wanajeshi waliokuwa wanarudi kwao, na mpaka leo pwani ya Catalonia watu wanaziimba habanera kama nyimbo za baharini, na kule Torrevieja wana mashindano yake. Kwa hiyo ukikaa Sevilla utaamini ni yao. Hata Bizet aliyetunga Carmen alichanganyikiwa hapo hapo. Opera ilitoka Paris tarehe 3 Machi 1875, na ile habanera yake aliichukua akidhani ni wimbo wa watu tu hauna mwenyewe, kumbe ni wa mtunzi wa Kibasque, watu wa kaskazini mwa Hispania, anaitwa Sebastián Yradier, unaitwa El Arreglito, ikabidi aandike kwenye kitabu cha nota kwamba ameuazima. Huyo Yradier mshikeni hapo hapo nitarudi kwake.

Sasa Kuba waliupataje. Ulaya kulikuwa na dansi ya safu mbili za watu wanatazamana, ya Waingereza, Wafaransa wakaichukua wakaiita contredanse, ikavuka bahari. Kuba ikaitwa contradanza. Kule kwa jirani, Saint-Domingue ambayo leo ni Haiti, watumwa waliinuka mwaka 1791, na mabwana wa Kifaransa wakakimbilia mashariki ya Kuba, Santiago, wakaja na watumwa wao na wapiga muziki wao. Waliokuwa wanapiga dansi hizo kwenye majumba ya wakubwa, wengi walikuwa watu weusi, watumwa na walio huru. Wakubwa walitaka dansi ya Ulaya, nao wakaipiga, ila mkono wa chini ukakaa kama wanavyojua wao. Contradanza ya Kuba ya zamani kabisa inayojulikana inaitwa San Pascual Bailón, ni ya mwaka 1803. Ikipigwa utasikia bado ina nguo za Ulaya, lakini kiuno si cha Ulaya.

Na hao watu walitoka wapi? Wayoruba, Wakongo wengi sana, watu wa Calabar, leo ni Nigeria. Na kuna kitu hiki ambacho nilipokisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje: Kuba kulikuwa na watu walioitwa Macuá. Ndo Wamakua hao hao, waliotolewa pwani ya Msumbiji. Nina majirani Wamakua.

Sasa angalieni miaka. Havanaise imetungwa mwaka 1887. Utumwa Kuba ulifutwa kabisa tarehe 7 Oktoba 1886. Mwaka mmoja. Yaani wakati Saint-Saëns anaandika hizo nota zako tatu dada, kule ulikotoka mdundo kulikuwa na watu wazima ambao wameanza kuitwa huru mwaka jana tu. Sisemi hivi ili ukipiga uwe na huzuni, muziki wenyewe haulii. Nasema kwa sababu umeuliza ngoma ya nani.

Na huyo Díaz Albertini aliyetungiwa ni Mkuba, Rafael Díaz Albertini, amezaliwa Havana akasomea fidla Paris. Alizunguka na Saint-Saëns kwenye ziara ya kupiga muziki kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1885, na inasimuliwa walipokuwa Brest, mji wa baridi wa bandari, mtunzi alikuwa kwenye chumba cha hoteli na kuni zinalia kwenye meko, pa, pa-pa, na kutoka kwenye mlio wa kuni ndo akapata ile sauti yako ya kwanza. Ikakaa naye karibu miaka miwili. Mimi hadithi hiyo naipenda kwa sababu jioni kama ile mwenzake alikuwa mtu wa Havana.

Sasa Yradier. Ndo mtunzi wa La Paloma. La Paloma ni habanera, sikilizeni besi yake, 1, 4, 5, 7 kama alivyosema mwalimu. Na hapa Morogoro marehemu Salum Abdallah kabla ya Cuban Marimba bendi yake ya mwanzo aliiita La Paloma. Kwa hiyo ule wimbo uliomsumbua Bizet na ule ulioipa jina bendi ya hapa mjini kwetu vimetoka mkono mmoja. Dada wewe umesikia rumba ulipoisikia piano, sikio lako halikukosea. Miaka ya 1930 zilianza kuja Afrika santuri zenye herufi GV, muziki wa Kuba, Wakongo wakazisikia wakajua hiki ni chetu kinarudi nyumbani, wakatengeneza rumba yao ambayo mwaka 2021 UNESCO wameiandika kwenye urithi wa utamaduni usioshikika. Santuri za GV ninazo chache, nyingine zimepasuka.

kitasa88

Mzee Santuri shikamoo. Nimesoma mara mbili. Hilo la 7 Oktoba 1886 sikulijua kabisa, na nimeenda kusikiliza La Paloma saa hizi ni kweli besi ni ile ile. Nafuta ushauri wangu wa flamenko dada yangu usiufate.

Ila naomba kuuliza mzee, kwani hapo kwenye hao Wakuba hakuna waliotunga wenyewe? Maana naona Mfaransa, Mbasque, wote wanaazima.

Santuri_za_Moro

Marahaba mwanangu. Wapo na ni wazuri sana, na inaniuma kwamba majina yao hayatajwi. Manuel Saumell alitunga contradanza fupi fupi za piano, nyingine dakika moja tu, ndani yake mna kila kitu. Ignacio Cervantes baada yake. Kwa kuwa dada ni mpiga fidla namwambia hasa José White, amezaliwa Matanzas, mama yake mtu mweusi baba yake Mfaransa, akaenda Paris akachukua tuzo ya kwanza ya chuo cha muziki mwaka 1856. Ana habanera inaitwa La bella cubana, fidla mbili zinaongozana. Itafute. Ni nyepesi kuliko Havanaise kwa vidole lakini ukiipiga utaelewa mdundo ukitoka kwa mwenyewe unakaaje. Yuko pia Claudio Brindis de Salas, mtu mweusi wa Havana, Ulaya walimshangilia kwenye kumbi kubwa, akafia Buenos Aires mwaka 1911 maskini hana kitu.

Na kuna mmoja si Mkuba ila aliishi kule, Louis Moreau Gottschalk, kijana wa New Orleans. Yeye hakukaa Paris akaletewa, alikwenda. Mwaka 1860 Havana kwenye ukumbi wa Tacón aliongoza tamasha la watu mamia jukwaani, na kwenye simfoni yake ya Usiku wa Tropiki aliwaweka wapiga ngoma wa tumba francesa, ngoma za watu weusi waliotokea Haiti, kutoka Santiago. Ngoma za watumwa ndani ya simfoni, mwaka 1860, na utumwa bado upo! Hebu fikirieni waliokuwa wamekaa viti vya mbele siku ile.

mkwasa_na_cherewa

Dada fidla mimi ni wa hapa hapa Unguja napiga kwenye kidumbak, ile taarab ya ngoma ya mitaani, nimefatilia uzi tangu jana. Maelezo ya mwalimu ni sawa kabisa ila mimi ningekwambia usipigie meza. Chukua mkwasa, vile vijiti viwili vya kugonganisha. Mtu mmoja apige mkwasa 1, 4, 7, mwengine apige sanduku, ile besi yetu ya uzi mmoja, kwenye 1 na 5, wewe imba samaki nazi. Utashangaa. Meza haina sauti ya kukuita, mkwasa unakuita.

Kwenye kidumbak fidla inapita juu ya ngoma vivyo hivyo, wewe unajua, hakuna mpiga fidla wa kidumbak anaegonga sawa na ngoma kwenye kila pigo, akifanya hivyo watu hawachezi. Fidla inawahi kidogo, inarudi, inawahi. Hilo unalo mkononi tayari. Kilichokuchanganya ni kuliona limeandikwa kwenye karatasi, ukadhani ni kitu kipya. Mimi nilipoanza kusoma nota nilipatwa na hayo hayo, vitu nilivyokuwa napiga nimefumba macho nikavipoteza miezi miwili mpaka macho na masikio yakapatana.

Kama unataka njoo na mpiga piano wako siku ya Jumamosi tunapofanyia mazoezi, tutawapigia hata saa moja. Nitakuandikia pembeni.

MwalimuNota

Huyo ndugu wa mkwasa amenizidi, mfateni.

Nimerudi kwa ajili ya ile sehemu ya katikati kama nilivyoahidi. Kipande kizima ni kama dakika kumi, na hakikai kwenye kubembeleza muda wote. Inafika mahali kinawaka, nota zinakimbia, nyuzi mbili kwa pamoja, pale ndo mtunzi anampa Albertini nafasi ya kuonyesha vidole. Wanafunzi wangu wawili waliowahi kukipiga wote walitumia muda wao wote kwenye hizo mbio na ule mwanzo wa polepole wakauacha kwa sababu unaonekana rahisi. Matokeo yake mbio zilitoka safi na kilichobaki kilikuwa kikavu. Dada ukiwa na saa moja ya mazoezi, dakika arobaini zipe tatu-mbili.

Na kila baada ya mbio wimbo ukirudi, rudi nao mpaka chini kabisa kwenye mwendo wa mwanzo. Damu inakuwa imechemka, mkono unataka kuendelea na ile kasi, mpiga piano naye hivyo hivyo. Kubalianeni mapema nani anaerudisha mwendo, mimi nasema piano, kwa sababu yeye ndo ameshika mdundo. Mpe kipimo kizima auweke sawa wewe umekaa kimya na upinde hewani.

Mwisho usimalize kwa kishindo. Watu wanategemea kishindo, hakipo. Fidla inapanda juu taratibu inazidi kuwa nyembamba na habanera inazimika chini yake. Saint-Saëns alikuwa mtu wa safari sana, alikuwa anakimbia baridi ya Paris kwenda Algeria na Misri, kule Luxor mwaka 1896 aliandika konserto yake ya tano ya piano na okestra na ndani yake aliweka wimbo wa mapenzi wa Wanubi aliosikia kwa watu wa majahazi ya mto Nili, na amefia Algiers mwaka 1921. Mimi nikiusikia mwisho wa Havanaise naona mtu amesimama gatini anaangalia chombo kinaondoka. Hayo ni yangu mimi, hayajaandikwa popote, ila ukihitaji picha ya kukaa nayo kichwani ukiwa unapiga nota za mwisho nakuazima.

fidla_ya_forodhani

Assalam alaykum tena wote, nimechelewa kurudi nilitaka kwanza nije na habari.

Jumamosi tulikwenda kwa ndugu yetu wa mkwasa. Mpiga piano wangu ni kijana wa bara, kidumbak alikuwa hajawahi kuiona kwa karibu, na kule piano hakuna kwa hiyo wakampa sanduku. Wakamwambia 1 na 5 tu basi, usifanye kingine. Mwengine akashika mkwasa. Mimi nikaambiwa niimbe samaki nazi na sikuruhusiwa kugusa fidla kwa muda mrefu, nadhani nusu saa nzima. Mwanzo "ki" yangu ilikuwa inaenda kukaa juu ya mkwasa kila mara, kila mara, mpaka bwana mmoja mtu mzima aliekuwa kwenye cherewa (manyanga) akasema binti usiusikilize mkwasa, sikiliza sanduku, mkwasa utakupita wenyewe. Nikafanya hivyo na hapo hapo nikaisikia. Ile "ki" ikatoka na mkwasa ukaja nyuma yake papo hapo, ukitaka kuweka karatasi katikati yake haipiti. Nikasimama nikaomba turudie kwa sababu niliogopa itapotea. Haikupotea.

Ndo nikachukua fidla. Nilipopiga kipimo cha kwanza mwenzangu kwenye sanduku alinyanyua kichwa akaniangalia, na hakuacha kupiga, 1 na 5, 1 na 5, hakunifata hata niliponyoosha nota. Ndo mara ya kwanza nimepiga kile kipande nikiwa huru. Jana tumerudi kwenye piano na mkono wake wa kushoto umebadilika kabisa, ameacha kunitazama upinde.

Zile mbio za katikati bado hazijatulia, mwalimu nimeifata ile ya upinde hewani kipimo kizima na inasaidia kweli, ila kwenye nyuzi mbili bado nota moja inanitoka chini kidogo, nazipiga kila asubuhi polepole.

Mzee Santuri, La bella cubana nimeipata na nimeshamtafuta mwanafunzi mwenzangu wa fidla ya pili. Nimeomba iwekwe kwenye onyesho kabla ya Havanaise, José White kwanza halafu ndo Saint-Saëns, na nitasema maneno mawili kabla ya kupiga, nitaitaja Havana na nitawataja Wamakua. Wamekubali.

Nikisharekodi nitaiweka hapa hapa kwenye uzi huu.

Santuri_za_Moro

Binti yangu, iweke. Na mimi kesho namwita fundi aniangalizie sindano ya santuri, nikurekodie La Paloma kwenye simu.